Je, kupunguza sili na nyangumi kunarudisha samaki kwa wavuvi?

Mdadisi aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Nimekuwa nikifuatilia mjadala kuhusu mamalia wa baharini, yaani nyangumi, pomboo, sili na jamaa zao, na mgongano wao na uvuvi wa kibiashara, nami nimekwama mahali pamoja. Upande mmoja nasoma kwamba wanyama hawa hula samaki wengi kuliko wanaovuliwa na meli zote duniani, na kwamba tangu walipoanza kulindwa kwa sheria wameongezeka mno hadi mvuvi hana chake. Upande wa pili nasoma kwamba nyavu ndizo zinazowamaliza wao, kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Hoja hizi mbili hutolewa kana kwamba moja ikithibitika nyingine imeanguka, jambo ambalo silioni kuwa la lazima.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, kuna ushahidi kwamba kuwapunguza wanyama hawa kwa makusudi huongeza mavuno? Na kama hakuna, mvuvi ambaye kila akivuta zana zake anakuta samaki wameshaliwa aambiwe nini? Naomba majibu yenye mifano halisi, maana kauli za jumla nimezisoma za kutosha.

Mizani alijibu:

Ndugu Mdadisi, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa karibu kila mara. Lipo shindano la chakula, ambamo mnyama na mvuvi huenda wasikutane kabisa bali wanadhaniwa kugombania samaki walewale. Na lipo gongano la papo kwa papo kwenye zana, ambapo mnyama hula samaki aliyekwisha kunaswa, hurarua wavu, au hunaswa yeye mwenyewe. Hili la pili linaonekana kwa macho na lina hesabu yake. Lile la kwanza linahitaji mtu aujue mfumo mzima wa bahari, na hapo ndipo kauli nyingi nyepesi zinapovunjika.

Chukua ile hesabu ya nyangumi. Takriban mwaka 2000 watafiti wa Japani walikadiria kwamba nyangumi na pomboo wote duniani hula mara tatu hadi tano ya uzito unaovuliwa na binadamu baharini. Hata tukiikubali tarakimu hiyo bila kuipunguza, haituambii mvuvi yeyote amepoteza nini, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula hicho ni krili (viumbe wadogo mfano wa uduvi), ngisi wa vilindini na samaki wadogo ambao hakuna meli inayowafuata, na tena huliwa mahali ambapo uvuvi ni haba. Watafiti waliounda vielelezo vya kompyuta vya maji ya kaskazini-magharibi mwa Afrika na ya Karibi, wakawaondoa nyangumi wote kwenye hesabu, waliona mavuno ya samaki yakibaki karibu palepale. Si ajabu, kwani nyangumi wengi wakubwa huenda kwenye maji hayo ya joto kuzaa, na wakiwa huko hawali sana.

Mfano unaonifundisha zaidi, hata hivyo, ni wa sili wa Afrika Kusini na Namibia na samaki aitwaye heki. Wavuvi walidai kwa miaka mingi kwamba sili wakipunguzwa, heki wataongezeka. Dai hilo lina mantiki ya moja kwa moja: sili hula heki, basi ondoa sili. Lakini kule kuna heki wa aina mbili, mmoja wa maji ya kina kifupi na mwingine wa kina kirefu, na yule wa kina kifupi akikomaa hula wadogo wa mwenzake kwa wingi. Sili naye hukutana zaidi na huyu wa kina kifupi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walipoyaweka mahusiano haya yote katika hesabu, walikuta kwamba kuua sili kungewaongeza heki wa kina kifupi, nao wangewala wa kina kirefu, hivi kwamba faida kwa meli ingekuwa ndogo sana na huenda ikageuka hasara. Anayewala samaki wengi kuliko wote baharini ni samaki wenzao, na ukimwondoa mlaji mmoja huwezi kuamua ni nani atakayeshika nafasi yake.

Mwangalizi Melini alijibu:

Naunga mkono mgawanyo wa ndugu Mizani, ila ningependa tukae zaidi kwenye lile jambo la pili, kwa sababu ndilo linalomuumiza mvuvi mfukoni na ndilo ninalolifahamu. Nimefanya kazi ya uangalizi kwenye meli za dhulumati, zile zinazotandaza kamba ndefu yenye maelfu ya ndoana chini kabisa ya bahari.

Mtu ambaye hajaliona jambo hili hudhani nyangumi huja kwa bahati tu. Sivyo. Meli inapovuta kamba, nahodha huingiza na kuachia gia mara kwa mara ili chombo kibaki juu ya kamba, na kila mara rafadha inapobadili mwendo hutoa povu na kelele ambazo nyangumi huzisikia kutoka kilomita nyingi. Kwao hiyo ni kengele ya chakula. Orka, wale wanaoitwa pia nyangumi wauaji, wakifika, ndoana zinapanda zikiwa na midomo ya samaki tu, wakati mwingine kichwa kizima kilichokatwa nyuma ya matamvua kwa unadhifu wa kisu, kisha zinafuata ndoana kumi, ishirini, thelathini za namna hiyohiyo, na wanaozivuta wananyamaza kwa sababu hakuna la kusema. Wale nyangumi wakubwa wa meno, wenye kichwa kinachochukua theluthi ya mwili, wana ustadi mwingine. Mwaka 2006 kamera iliyozamishwa huko Alaska ilimnasa mmoja akiikamata kamba kwa upole mbali na samaki na kuipitisha kati ya meno yake kama anayepiga uzi wa zeze, hadi mtetemo ukamng'oa samaki kwenye ndoana. Katika hali hiyo ndoana hupanda tupu au imenyooka, na mtaalamu anayehesabu akiba ya samaki asipojua kwamba nyangumi alikuwepo, ataandika kwamba eneo lile halina samaki.

Nalisema hili kwa sababu linagusa swali lako la nini aambiwe mvuvi. Kuwaua hakukusaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 meli haramu zilizovua samaki ghali wa vilindini karibu na visiwa vya Crozet, kusini mwa Bahari ya Hindi, ziliwarushia orka vilipuzi, na kundi la huko lilipungua sana. Waliobaki hawakuacha kufuata kamba, na hadi leo wanazifuata, mama akimfundisha mwanawe. Mnyama anayeishi miaka hamsini na zaidi na kujifunza kwa wenzake hawezi kuogofywa kwa muda mrefu.

Kilichosaidia kule Alaska ni kubadili zana. Tangu mwaka 2017 wavuvi wa dhulumati katika Ghuba ya Alaska wameruhusiwa kutumia madema yaliyofungwa kwenye kamba ndefu badala ya ndoana, na baadaye yakaja madema mepesi yanayokunjika, ambayo hata chombo kidogo kinaweza kuyabeba kwa wingi. Samaki akishaingia ndani, nyangumi anaweza kulizunguka dema apendavyo, lakini hawezi kumtoa. Wapo wavuvi waliolalamikia kanuni mpya kwa miaka, na walipopata madema hayo wakaacha ndoana bila kusukumwa na mtu.

Hoja kwa Hoja alijibu:

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na ninakubali mengi, lakini naona jibu linaelekea kumfurahisha mhifadhi kupita kiasi. Mdadisi aliomba mifano halisi, basi uwekwe na huu unaouma.

Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa Atlantiki upande wa Newfoundland na Labrador mwezi Julai 1992, na makumi ya maelfu ya watu wakapoteza kazi. Kilichowamaliza chewa kilikuwa uvuvi uliopita kiasi, hilo halina ubishi. Lakini katika sehemu ya kusini ya Ghuba ya St. Lawrence, baada ya meli kuondolewa, chewa wazima waliendelea kufa kwa kiwango kisichoelezeka kwa uvuvi, na watafiti wa serikali wenyewe walihitimisha kwamba sababu kubwa ni sili wa kijivu, ambao walikuwa maelfu machache tu katika miaka ya 1960 na sasa wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu katika eneo lote. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Kanada ilipendekeza sili 70,000 wauawe kusini mwa ghuba hiyo ndani ya miaka minne. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Hapa hatuwezi kusema kwamba sili hana hatia. Samaki wakishapungua chini ya kiwango fulani, mlaji ambaye ana vyakula vingine vya kumshibisha anaweza kuwashikilia hapohapo chini bila yeye mwenyewe kuona njaa. Tukimwambia mvuvi wa huko kwamba sayansi inasema sili si tatizo, tunamdanganya, na akigundua hatatusikiliza tena hata tunapomweleza jambo la kweli.

Mizani alijibu:

Ndugu Hoja kwa Hoja, mfano wako ni sahihi na sina sababu ya kuupunguza nguvu. Naongeza tu jirani yake, kwa sababu unaonyesha jinsi jibu linavyobadilika kutoka ghuba moja hadi nyingine. Upande wa Newfoundland kuna sili wa aina nyingine, wa barafuni, ambao ni mamilioni, nao kwa miaka mingi walitajwa kuwa ndio wanaowazuia chewa wa kaskazini kuinuka. Watafiti walipolinganisha mambo matatu, yaani uvuvi, sili na upatikanaji wa kapelini, samaki mdogo ambaye ndiye chakula kikuu cha chewa, sili hawakuonekana kuwa na uzito mkubwa. Kapelini walianguka ghafla mwaka 1991, na chewa walianza kuinuka pale kapelini walipopata nafuu kidogo.

Kwa hiyo ni nchi ileile na samaki yuleyule, lakini mshtakiwa mmoja amepatikana na hatia na mwingine ameachiwa. Kabla ya kuua, anayependekeza hana budi kuonyesha kwamba sili wa mahali pale, kwa chakula wanachokula majira yale, ndio kikwazo, na kwamba idadi atakayoiondoa inatosha kubadili kitu. Masharti hayo ni magumu kutimiza, ndiyo maana hata Seneti ilipofika kwenye tarakimu kubwa namna ile, ilikuwa bado inaongelea jaribio.

Mdadisi aliandika tena:

Nashukuru sana. Sasa naelewa kwa nini kila upande una ushahidi wake. Naomba mtu anieleze upande wa pili wa shilingi, yaani wanyama wanaokufa kwenye zana. Nasikia kwamba pomboo waliokuwa wakifa pamoja na jodari waliokolewa na sheria. Kama sheria iliweza pale, kwa nini yule pomboo mdogo wa Meksiko, vakita, bado anaangamia ilhali analindwa na sheria kali zaidi?

Jarife alijibu:

Kwa jodari, sheria peke yake haikutosha. Katika Pasifiki ya mashariki, kwenye ukanda wa joto, jodari wakubwa wa mapezi ya njano huogelea chini ya makundi ya pomboo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 meli zilijifunza kuwatafuta pomboo, kuwakimbiza kwa boti, kisha kuzungusha wavu mmoja mkubwa kuwazingira wote, juu pomboo na chini jodari. Inakadiriwa kwamba pomboo zaidi ya milioni 6 wamekufa kwa njia hiyo. Marekani ilitunga sheria ya kuwalinda mamalia wa baharini mwaka 1972, lakini mwaka 1986, miaka kumi na minne baadaye, bado walikufa zaidi ya 130,000, safari hii wengi wakiwa kwenye nyavu za meli zenye bendera za nchi nyingine.

Mbinu iliyowaokoa ilibuniwa na wavuvi wenyewe. Wavu ukishavutwa hadi sehemu kubwa iko melini, meli hurudi kinyumenyume, na kile kilichobaki majini hunyooka kuwa kama mfereji mrefu. Mvuto huizamisha kamba ya maboya upande wa mbali, pomboo wanapita juu yake wakiwa hai, na jodari wanabaki chini. Mahali hapo pa kutokea huwekwa kipande cha wavu chenye matundu madogo mno, kilichobuniwa na nahodha wa meli za jodari, ili mdomo na mapezi ya pomboo yasinase. Waliosalia husukumwa kwa mikono na watu walioingia majini.

Ustadi huu ulikuwepo tangu mapema, ila haukutumika kwa bidii na kila meli. Kilichobadili mambo ni makubaliano ya kimataifa yaliyoanza kufanya kazi mwaka 1999, ambayo yanaiwekea kila meli kubwa mwangalizi katika kila safari na kikomo chake yenyewe cha vifo vya pomboo. Meli ikifikia kikomo hicho, haiwazingiri tena pomboo hadi mwaka uishe. Nahodha mzembe haadhibiwi pamoja na wenzake, anaadhibiwa yeye, na nahodha hodari anaendelea kuvua. Vifo vimeshuka hadi chini ya 1,000 kwa mwaka katika miaka mingi ya karibuni. Sifichi kwamba yapo maswali yaliyobaki: makundi ya pomboo hayajainuka kwa kasi iliyotarajiwa, na baadhi ya wataalamu wanashuku kwamba katika kule kukimbizwa watoto hutengana na mama zao na kufa bila kuonekana na mwangalizi yeyote. Pia meli zilizoacha pomboo na kuhamia kwenye magogo na maboya yanayoelea, ambayo jodari hukusanyika chini yake, huvua jodari wachanga wengi, pamoja na papa na kasa, bila kumgusa pomboo hata mmoja. Chapa ya usalama wa pomboo kwenye kopo haimwambii mnunuzi habari hiyo.

Sasa linganisha na vakita. Huyu hashindani na mtu. Ana urefu wa mita moja na nusu hivi, anaishi kaskazini mwa Ghuba ya California pekee, na hufa kwenye nyavu zilizotegwa kwa ajili ya kamba, yaani uduvi wakubwa, na kwa ajili ya samaki mkubwa aitwaye totoaba, ambaye bondo lake huuzwa kwa magendo nchini China kwa bei inayozidi mapato ya kawaida ya mvuvi kwa mbali sana. Makadirio ya mwaka 1997 yalikuwa vakita wapatao 570. Kufikia 2015 walibaki kama 60, na leo ni kama 10. Totoaba mwenyewe amekatazwa kuvuliwa tangu 1975, na nyavu za kunasia zilipigwa marufuku ya kudumu katika eneo hilo mwaka 2017. Hakuna mwangalizi anayepanda boti ya magendo usiku, na hakuna kikomo ambacho mvuvi hodari angekiheshimu ili aendelee kuvua, kwa kuwa kazi yenyewe ni haramu tangu mwanzo. Hatua iliyoonekana kuzaa matunda kidogo haikuwa ya sheria bali ya kifundi: mwaka 2022 jeshi la majini la Meksiko lilianza kuzamisha vitalu vya zege vyenye ndoano za chuma, ili wavu wowote utakaotegwa pale ukwame na kupotea.

Kwa uvuvi halali, ipo hesabu ambayo Marekani imeitumia tangu marekebisho ya sheria yake ya mwaka 1994, nami naipenda kwa sababu inamwambia kila mtu tarakimu moja. Unachukua idadi ya chini yenye uhakika ya wanyama, unazidisha kwa nusu ya kasi yao ya juu ya kuongezeka, kisha unazidisha kwa kipimo cha tahadhari kati ya 0.1 na 1. Tuseme wako pomboo 2,000, kasi yao ni asilimia 4 kwa mwaka, na tahadhari ni 0.5. Jibu ni 20. Vifo vikizidi 20 kwa mwaka, uvuvi husika hauna budi kubadilika. Ukiwa na vakita 10, fanya hesabu hiyo mwenyewe uone kwamba hata kifo kimoja katika miaka kadhaa ni kingi mno.

Mdadisi aliandika tena:

Hesabu hiyo imenisaidia kuliko kurasa nyingi nilizosoma. Swali la mwisho kwa ndugu Mwangalizi: madema yakifaa Alaska, kwa nini yasiamriwe kila mahali? Na vile ving'ora vinavyofungwa kwenye nyavu?

Mwangalizi Melini alijibu:

Kwa sababu kila zana ina mahali pake. Kule Crozet madema yalijaribiwa mwaka 2010, yakaleta samaki wachache mno waliokusudiwa na kaa wengi wasiotakiwa, kwa hiyo meli zikabaki na dhulumati. Wanachofanya sasa ni kutandaza kamba fupi zaidi, kuzivuta haraka iwezekanavyo, na orka wakitokea, kuiacha kamba chini na kuhama mbali, wakikubali gharama ya mafuta.

Ving'ora vilifanikiwa sana kwa wale pomboo wadogo waoga wa Ghuba ya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani: katika jaribio la mwaka 1994 vifo vyao kwenye nyavu zenye ving'ora vilipungua kwa asilimia 90 hivi. Lakini sili na simba-bahari hawaogopi. Wakishajifunza, sauti ileile huwaonyesha wavu ulipo. Kwa hiyo kabla ya kununua, mvuvi ajue kwanza ni mnyama gani anayemsumbua. Kwa nyavu za jodari zinazoelea katika Bahari ya Hindi, ambako pomboo wengi hufa, nafuu imepatikana bila kifaa chochote cha umeme: wavuvi wa Pakistani waliposhusha nyavu zao mita mbili chini ya uso wa maji, vifo vya pomboo vilipungua kwa zaidi ya robo tatu, na jodari waliendelea kunaswa. Kinachohitajika ni kamba ndefu kidogo kati ya boya na wavu.